Chuma Tulichokikataa

Tanga ya miaka ya 1980, mtu wa karate hakugusa chuma. Vijana wa vyuma walikuwa na ua wao Ngamiani, ndani ndani katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, na sisi wa karate tulikuwa na ukumbi wa shule tuliouazima jioni. Tukikutana njiani tulisalimiana vizuri, lakini kila upande uliudharau mwingine. Wao walituona warukaji tu. Sisi tuliwaona watu waliojaza kifua mpaka mkono haukunjiki sawasawa. "Misuli inafunga," mwalimu wetu alikuwa akisema, "na mwili ukishafunga, karate imekwisha." Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Alikuwa na mkanda mweusi, tulimpenda, na sisi tulikuwa watoto.

Badala ya chuma tulikuwa na miili yetu na sakafu. Pushapu tulipiga kwa ngumi, juu ya saruji tupu, mpaka ngozi ya vifundo ikachunika. Kisha kichura: mikono nyuma, kuchuchumaa mpaka chini, kuruka kuuzunguka ukumbi, na tukimaliza mzunguko tunaambiwa tena. Baada ya kichura tulitembea huku tumechuchumaa. Tumbo tulilifanya miguu ikiwa imenyooka, mwenzako amekukalia miguuni, halafu unalala chali naye anapita juu ya tumbo lako kwa nyayo. Kupasua msamba kulikuwa kazi ya watu wawili, wa nyuma anamsukuma wa mbele kwa kishindo mpaka macho yanamtoka machozi. Maji yalikuwa marufuku hadi tupige saluti ya mwisho, na joto la Tanga la mwezi wa pili mtu wa huko analijua. Mateke tuliyapiga hewani kwa mamia, goti likifyatuka mpaka mwisho wake bila kitu cha kulipokea. Jumapili alfajiri tulikimbia hadi Raskazone na kurudi, kisha tukaenda nyumbani kula ugali wa unga wa yanga na dagaa, kama dagaa walipatikana. Ilikuwa miaka ya foleni. Mwili uliochoshwa namna ile ulihitaji chakula ambacho nyumba nyingi hazikuwa nacho.

Na tuliona fahari. Sitaki kuikana fahari ile. Mtu aliyezimia katikati ya kichura alisimuliwa wiki nzima, na kesho yake alirudi.

Imani yetu ilitoka zaidi kwenye sinema kuliko kwenye dojo. Filamu za Hong Kong zilikuwa zimefundisha ulimwengu mzima kwamba nguvu huzaliwa na mateso. Ile ya Gordon Liu ya mwaka 1978, The 36th Chamber of Shaolin, ndiyo iliyokamilisha fundisho hilo: kijana anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooshwa pembeni, visu vimefungwa kwenye mikono yake ili akichoka ajichome. Karibu nusu ya filamu ni mazoezi. Ni filamu nzuri, naipenda hadi leo. Lakini filamu inakata miezi kwa dakika, haikuonyeshi siku za kupumzika, wala haikuonyeshi wale walioingia chumba cha kwanza cha mazoezi wakatoka wanachechemea.

Bruce Lee mwenyewe, ambaye picha yake ilibandikwa kwa kila kinyozi, alikuwa mtu wa chuma. Hilo hatukuliona kwenye pazia. Baada ya pambano lake la mwaka 1964 kule Oakland, California, dhidi ya Wong Jack Man, aliudhika kwamba aliishiwa pumzi mapema mno, na tangu hapo akageukia vyuma, mbio na lishe kwa bidii ya mtafiti. Mwaka 1970 aliumia mgongo akiwa na chuma begani, akiinama na kuinuka nacho. Uzito wenyewe, kwa mtu wa umbo lake, haukuwa mchezo. Madaktari wakamwambia huenda asipige teke tena. Alikaa miezi akiuguza mgongo, akasoma na kuandika, kisha akarudi na kutengeneza filamu zilizotufikia sisi. Kwa hiyo mwili ule tuliouabudu ulikuwa umejengwa kwa kitu tulichokataa kukigusa, na ulikuwa umeshalipa gharama ya kukigusa vibaya. Mambo yote mawili yangetufaa sana kuyajua.

Kinachoniuma zaidi kipo karibu na sisi kuliko Hong Kong. Dojo letu lilikuwa la mtindo wa karate uitwao Goju-ryu. Ukutani palikuwa na picha ya mwanzilishi wake, Chojun Miyagi, mzaliwa wa Naha, Okinawa, aliyefariki mwaka 1953, na kila jioni tuliiinamia. Miyagi alifundisha kwa vifaa. Okinawa mazoezi hayo ya kuongeza nguvu yanaitwa hojo undo, na vifaa vyake vinajulikana kimoja kimoja. Kuna mitungi ya nigiri-game, inayobebwa kwa kushikwa mdomoni kwa ncha za vidole huku mtu akitembea katika msimamo wa chini. Ndani hutiwa mchanga, na mchanga huongezwa kadiri mkono unavyokomaa. Kuna mawe ya kunyanyua yenye umbo la kufuli. Kuna kongoken, duara refu la chuma zito, ambalo inasimuliwa kwamba Miyagi aliliiga kwa wanamieleka aliowaona Hawaii mwaka 1934. Na kuna chi-ishi: mti umechomekwa kwenye jiwe, siku hizi saruji, mtu anaushika upande wa mti na kuuzungusha taratibu juu ya bega, akijifunza kukaza mkono, bega na kiuno kwa pamoja.

Sasa fikiria ule ua wa Ngamiani. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kilikuwa kimeanza mwaka 1980, lakini mfuko wa saruji bado ulikuwa wa kutafutwa, na vijana wa vyuma waliokota masalia kwa mafundi. Waliyamimina kwenye makopo ya rangi, wakachomeka bomba, wakangoja yakauke. Walichotengeneza pale, kwa mikono yao, kilikuwa ndugu wa chi-ishi. Kilikuwa urithi wa babu yetu wa ukutani. Tulipita nje ya ua ule na mifuko yetu ya gi, sare ya karate, begani, tukaenda kuruka kichura.

Katika vifaa vyote vya Okinawa, sisi kilitufikia kimoja tu, makiwara, ubao wa kupigia ngumi, na hicho tulikifunga kwa kamba ya mkonge, maana Tanga kitu kingine kingetoka wapi. Mkonge ulichuna kuliko kitu chochote. Bado nauheshimu ubao ule: unarudisha nguvu uliyotoa, unakuonyesha bega lililolegea papo hapo. Kuupiga bila mwili ulioandaliwa ndiko kulikokuwa na kasoro.

Tena elimu ilikuwapo, haikuwa siri. Japani kwenyewe wazee wa judo waliamini kama mwalimu wetu alivyoamini, kwamba chuma kinaharibu wepesi. Donn Draeger, Mmarekani aliyeishi Tokyo na kuzisoma sanaa hizi maisha yake yote, aliwashika baadhi ya wanajudo wakubwa wa Japani akawapa vyuma. Mmoja wao ni Isao Inokuma. Hakuwa mtu mkubwa kwa daraja lake, hata kilo 90 hakuzifikisha, na katika Olimpiki ya Tokyo ya 1964 alitwaa dhahabu ya uzito wa juu akimshinda Doug Rogers wa Kanada, aliyemzidi mwili kwa mbali. Mwaka 1966 Draeger na Inokuma wakatoa kitabu cha mazoezi ya vyuma kwa wanajudo, seti kwa seti. Wakati sisi tunarukaruka Tanga, kitabu kile kilikuwa na umri wa kijana anayetaka kuoa.

Elimu yenyewe si uchawi. Ngumi huanzia mguuni, ikapita kwenye nyonga na kiuno kabla ya kufika begani. Nguvu ya nyonga hujengwa kwa kunyanyua mzigo mzito mara chache, mara 5 au pungufu, kisha kupumzika dakika kadhaa kabla ya kurudia, kwa sababu kazi hiyo inaufunza mfumo wa fahamu kuiita misuli mingi kwa mara moja. Ukirudia jambo mara 100 umejenga ustahimilivu, nao ni mzuri, lakini ni kitu kingine. Wepesi haupotei maadamu mtu anaendelea kupiga kwa kasi. Na misuli ya nyuma ya paja, ambayo sisi hatukuwahi kuifanyia zoezi hata moja, ndiyo breki ya goti teke linapofika mwisho. Tulijenga gari la mwendo bila breki, halafu tukashangaa. Kano nazo hukomaa polepole kuliko misuli. Kijana wa miaka 15 anajisikia ana nguvu wakati viungo vyake bado vinaomba muda.

Sitasema kila goti bovu la rika letu limetokana na kichura. Tulicheza mpira kwenye changarawe, tulibeba mizigo, tumezeeka. Lakini nikiwaangalia wenzangu wa ukumbi ule, wale waliokuwa wa kwanza kuruka na wa mwisho kuacha ndio wanaoshuka ngazi kwa kushika ukuta. Mmoja wao, aliyekuwa na teke la juu zuri kuliko sote, huswali akiwa amekaa kwenye kiti. Ananiambia hakuna kinachomuumiza kama kusikia safu nzima inasujudu naye amebaki juu. Japani kwenyewe mruko wa kichura, waliowalazimisha watoto wa shule miaka mingi, umeachwa kwa sababu ya magoti. Nilipomweleza hilo alinyamaza, kisha akauliza waliuacha lini. Nilielewa anapiga hesabu gani.

Leo Tanga ina jimu. Niliingia katika mojawapo nikamkuta binti mwanakarate, hijabu imefungwa vizuri, chupa ya maji pembeni, ananyanyua chuma kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka. Mara 4. Akakiweka, akakaa, akatazama saa. Nilimsubiri aendelee, hakuendelea mpaka muda wake ulipotimia. Enzi zetu kukaa vile kungemletea adhabu. Nilimwonea wivu, wivu mkali, na nilifurahi kwa ajili yake kwa wakati huohuo. Si wote walio kama yeye. Wapo vijana wanaojenga kifua na mikono tu mbele ya kioo, mapaja membamba, hawajasimama mbele ya mpinzani kwa miezi. Hao chuma hakijawaharibia karate, maana karate yenyewe hawaifanyi.

Ninachohofia ni kumbi za watoto. Hivi karibuni nilialikwa kwenye moja, nikakuta watoto wa darasa la tatu wanaruka kichura kuzunguka sakafu, na mwalimu kijana anahesabu kwa Kijapani.

"Shikamoo, mzee wangu," akaniambia walipopumzika. "Umewaona? Wana roho."

"Marahaba. Roho wanayo. Magoti je?"

"Sisi tumekuzwa hivyohivyo, mzee."

Nilimjibu kwamba najua, kwa sababu aliyemkuza yeye nilifanya naye mazoezi pamoja. Hatukugombana. Tuliongea mpaka watoto wakaenda kwao, nikamchorea chi-ishi kwenye daftari lake la mahudhurio, na yeye akakubali kichura kikae pembeni muhula huu, watoto waruke kamba, wabebane, wasukumane, wapande kamba ya mkonge iliyofungwa mwembeni. Kwa wakubwa wao, wa miaka 16 kwenda juu, tumemimina saruji kwenye makopo matatu ya ukubwa tofauti, mipini ya mti mgumu, misumari imepigwa chini ya mpini ili usichomoke. Nimemwomba kila anayeanza aanze na kile kidogo, hata kama wenzake watamcheka.