Lori tupu na upepo wa Sarima

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umepewa lori la kupeleka unga Loiyangalani. Hongera. Barabara utaipenda: zile kilomita 208 kutoka Laisamis hadi Sarima zilitengenezwa upya ili mitambo ya umeme wa upepo ipite. Mitambo yenyewe, 365, haikupelekwa pale kwa bahati. Upepo wa kusini-mashariki unabanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, na unatoka hapo na hasira.

Kwenda, unga utakutuliza. Kasheshe ni kurudi. Lori tupu lililofungwa turubai ni jahazi lililotweka tanga. Ukishashusha mzigo, vua turubai, likunje, lifunge sakafuni, upepo upite katikati ya vyuma. Na kumbuka, kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne.

Upepo usiokatika mkono huuzoea. Utajikuta umeupinda usukani kidogo dhidi yake bila hata kujua. Shida ni unapokatika ghafla, ukipita nyuma ya kilima au ukipishana na lori lingine. Gari linachupa kuelekea ulikopinda. Unashtuka, unaurudisha usukani kwa nguvu, na papo hapo upepo nao umerudi. Ndivyo malori yanavyolala ubavu. Kwa hiyo punguza mwendo kabla hujafika kwenye kilima, shika usukani kwa mikono miwili, simu aishike taniboi. Wa pikipiki mwachie nafasi kubwa, maana yeye husukumwa hadi mbele yako.

Najua madereva wanapenda kuondoka alfajiri kukwepa jua. Huko haifai. Upepo ule huwa mkali usiku hadi asubuhi, alasiri hulegea. Kula chakula cha mchana Loiyangalani, ndipo utoke, ulale South Horr. Tajiri akinung'unika, mwambie anipigie mimi.

Jambo dogo ambalo vijana hulidharau: ukiegesha, elekeza pua ya gari upepo unakotoka, na mlango uufungue kidogo kidogo ukiwa umeushikilia. Ukiupa upepo mgongo, utapokonywa mlango mkononi na bawaba zitapinda. Halafu tajiri akukate mshahara, na wewe bado una karo ya mdogo wako.

Mjomba wako