Nyungunyungu wa Vinyungu

Utotoni kwetu Makambako, nyungunyungu alikuwa na kazi moja tu: chambo. Tulimchimba kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi wakati mlimani kumekauka, tukamchomeka kwenye ndoana kumvizia perege mtoni. Bwawa la baba lilikuwa hapo hapo bondeni, na samaki wake walikula pumba za mahindi na majani ya kabichi. Ikifika Juni walitulia chini, hawataki chakula. Perege ni samaki wa maji ya joto; yakishuka chini ya nyuzi 20 hamu yao hupungua.

Mama mdogo ndiye aliyeanza kuwatupia nyungunyungu wazima. Pumba zilielea tu, nyingine zikaozea ukingoni. Nyungunyungu aliingia majini akijinyonganyonga, na hakufika chini: midomo mitatu ilishamkamata. Ukimkausha, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na samaki ni kama wanalijua hilo.

Kisha viazi mviringo vikatwaa mashamba. Mvua za huku huja na ukungu, na mkulima hana budi kupulizia dawa tena na tena. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, ambayo hujikusanya udongoni na ni sumu kwa nyungunyungu. Mwaka hadi mwaka jembe likazidi kupindua udongo mtupu. Jambo hili linaniuma hadi leo, kwani aliyekuwa akiulegeza udongo huo bila malipo ni nyungunyungu.

Sasa naishi Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sebuleni nina tangi la kioo lenye samaki wa dhahabu, wanaovumilia baridi yetu bila hita. Nyungunyungu nawafuga kwenye ndoo iliyotobolewa, ndani ya samadi ya ng'ombe iliyopoa na maganda ya ndizi. Kabla ya kulisha nawalaza usiku kucha kwenye kitambaa kibichi watoe udongo tumboni, nawasuuza, nawakatakata. Nikizidisha, maji huchafuka. Samaki wananifuata kiooni nikishika tu kile kibakuli, mmoja akitangulia wenzake, mkia ukitetemeka.

Jirani yetu wa Makambako, mwenye mabwawa bondeni kule kule, ameomba mbegu ya nyungunyungu. Nitampelekea ndoo moja na samadi yake, awaweke mbali na viazi.