Wimbo Huu Umetoka Katika Shimo Gani?



Mwezi huu sitahubiri sana. Ninataka kuwaelezea kosa nililofanya mimi mwenyewe, pamoja na vijana wa kanisa letu hapa Bweremana. Siku hizi vijana wengi, hata wale wa machimboni, wanatengeneza video katika simu na kuzitia ku intaneti. Labda kosa letu litawasaidia.

Siku ya Alhamisi, tarehe 4 mei 2023, mvua kali ilinyesha katika milima ya Kalehe, mbele ya Minova. Mito ikashuka na mawe na miti, ikazoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Sisi wa Bweremana tuko kandokando ya ziwa hilo hilo la Kivu. Watu wetu wanafanya biashara huko, wameoa huko, wameolewa huko. Kilio kiliingia mpaka ndani ya nyumba zetu.

Vijana wakanijia, wakasema: "Pasta, tufanye video. Tutaituma kwa ndugu wa Goma, wa Bukavu na wale walioko Ulaya, ili watoe msaada." Nilifurahi sana. Kijana mmoja kati yao anajua vizuri kukata na kuunganisha picha katika simu. Nilimwambia neno moja tu: "Utie muziki wa kuliza watu." Kosa lilianzia hapo, katika kinywa changu.

Baada ya siku mbili akaniletea video ya dakika 4. Maji ya matope yanabeba nyumba, mama anakimbia na mtoto mgongoni, na chini yake unasikia wimbo wa mwimbaji mkubwa wa Injili. Machozi yalinitoka. Nikamwuliza: "Mwanangu, hizi picha umezipata wapi?" Akajibu: "Pasta, niliikuta tu ku intaneti. Iko bure." Sikuuliza tena. Tukaituma.

Siku ya tatu mambo mawili yalitokea. La kwanza, sauti ilikatwa. Mitandao mikubwa ina mashine zinazotambua nyimbo za watu. YouTube wanayo tangu mwaka wa 2007. Basi watu wakaona picha bila sauti, na chini yake neno la kusema kwamba muziki huu una mwenyewe. Hiyo ilikuwa aibu ndogo.

Aibu kubwa ililetwa na mama mmoja wa kanisa ambaye dada yake alipotea Nyamukubi. Alikuja kwangu asubuhi mapema. Alisema: "Pasta, ile video niliiangalia mara tatu, nikimtafuta dada yangu. Ile milima si yetu. Wale watu ni wa wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulipochunguza tukakuta picha zile zilikuwa za mafuriko ya nchi nyingine kabisa. Mama yule alikuwa ametafuta uso wa dada yake katika uongo wetu. Na uongo huo tulikuwa tumeutia jina la kanisa.

Jumamosi niliwaita vijana, nikaomba msamaha wa kwanza mimi. Kisha tukazungumza. Kijana mmoja, ambaye alichimba Rubaya miaka mitatu, alisimama akasema: "Pasta, kwa picha nimekubali. Lakini kwa muziki, hapana. Wazungu wanachukua coltan yetu kila siku. Sisi tukichukua wimbo moja yao, ni zambi gani?" Wengine wakapiga makofi.

Wapendwa, neno hilo si la kijinga. Mtu aliyebeba mfuko mgongoni kwa bei ya chini anajua kuibiwa ni nini. Sikumjibu haraka. Nilimweleza habari ya Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu wa Afrika Kusini. Mwaka wa 1939 alirekodi wimbo wake "Mbube" huko Johannesburg. Wimbo ukavuka bahari. Mwaka wa 1961 kikundi cha Marekani, The Tokens, kikauimba kwa maneno ya Kiingereza, ukajulikana dunia nzima. Mwaka wa 1994 ukaingia katika filimu The Lion King. Lakini Linda mwenyewe alikufa mwaka wa 1962, akiwa maskini. Binti zake walipaswa kwenda mahakamani, na makubaliano yakapatikana mwaka wa 2006 tu. Mwenye kuibiwa wimbo si mzungu tajiri kila mara. Mara nyingi ni mtu kama sisi.

Kisha nikauliza: "Na korali yenu je?" Maana walikuwa wamekuta wimbo wao katika video ya mtu wa mji mwingine anayeuza dawa ya nywele. Siku ile walikasirika sana, walisema wameibiwa. Kijana wa Rubaya akaangalia chini. Akasema polepole: "Basi hata sisi tuko na shimo letu, na mtu aliingia bila kuuliza."

Ndivyo tulivyoanza kujifunza. Nitawaandikia tuliyoyapata, ili nanyi myatumie.

Kwanza, kitu kuwa ku intaneti si kusema ni cha bure. Katika nchi yetu sheria namba 86-033 ya tarehe 5 aprili 1986 inalinda haki za watungaji na za waimbaji. Hata tukiwa mbali na Kinshasa, sheria hiyo ni yetu pia.

Pili, wimbo mmoja unaweza kuwa na wenyewe wawili: yule aliyeutunga, na yule aliyeurekodi. Wimbo wa zamani wa kitabu cha kanisa, ambao mtungaji wake alikufa zaidi ya miaka mia iliyopita, unaweza kuimba bila kumwomba mtu. Lakini ukichukua sauti za korali fulani ikiimba wimbo huo, zile sauti ni mali ya korali. Na maneno yaliyotafsiriwa juzi yana mtafsiri wake.

Tatu, kuna maghala ya muziki na picha ku intaneti, na kila moja lina leseni yake. Leseni ni neno la mwenye mali lililoandikwa: kitu changu ukitumie hivi, usikitumie vile. Maghala mengine yanaandika kwa Kiingereza kwamba muziki hauna malipo ya kila mara, na vijana wanasoma "bure". Sivyo. Maana yake ni kwamba ukisha kulipa mara moja, hutalipa tena kila video inapoangaliwa.

Nne, kuna vitu ambavyo wenyewe wanaviachilia kwa leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka wa 2002. Angalia herufi zake. BY ni kusema: taja jina langu. NC ni kusema: usifanye nayo biashara. ND ni kusema: usibadilishe kitu. Hapo wengi wanaanguka, kwa sababu kuunganisha wimbo na picha za video kunahesabiwa kuwa ni kubadilisha. Basi wimbo wenye ND usiutie katika video yako, hata kama hukukata neno moja. YouTube nao wana maktaba ya sauti za kutumia katika video. Kwa picha, Pexels na Pixabay wanaruhusu kutumia bila malipo, lakini wanakataza kumwonyesha mtu anayetambulika kwa namna ya kumwaibisha.

Ninyi wa machimboni mtaelewa upesi nikiwapa mfano wa etiketi. Mwaka wa 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuwauliza wenye viwanda kama madini yao yanatoka katika nchi yetu na nchi za jirani. Kisha mifuko ya coltan na ya kasiterite ikaanza kufungwa etiketi yenye namba, ili ijulikane imetoka katika shimo gani. Leseni ni etiketi ya wimbo. Lakini mnajua pia kwamba etiketi ziliuzwa, na mfuko wa shimo moja ukapita kwa jina la shimo lingine. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya hayo zaidi ya mara moja. Na ku intaneti ni vile vile. Mtu anaweza kutia wimbo wa mwingine na kuandika "bure". Kwa hiyo usiangalie etiketi peke yake, angalia na mkono ulioifunga. Je, mtu huyu ndiye mwenye wimbo kweli?

Tangu siku ile tuna daftari. Kabla ya kutuma video tunaandika: wimbo ni wa nani, tuliupata wapi, tarehe gani, leseni inasema nini. Kwa picha tunaongeza swali moja: je, inaonyesha kweli kile tunachosema? Leseni inaweza kuwa safi kabisa, na picha bado ikadanganya. Ile mvua ya nchi nyingine, hata tungeinunua kwa dola, haikuwa mvua ya Nyamukubi.

Video ya pili ilichukua karibu mwezi mmoja. Vijana wawili walienda huko njia ilipopitika, wakapiga picha kwa simu yao. Waliomba ruhusa kwa kila mtu. Wengine walikataa, nao wakashusha simu. Muziki ulikuwa wa korali yetu, gitaa moja na ngoma, wakiimba kando ya ziwa wimbo wao wenyewe. Unasikia upepo ndani yake, na jogoo mmoja. Mahali pamoja tulitia picha ya mawingu kutoka Pexels, tukaandika chini yake: picha hii ni ya mfano, haikupigwa hapa.

Msaada uliokuja haukuwa mwingi: nguo, sabuni, na makuta kidogo. Sitawadanganya tena.

Lakini kabla ya kuituma nilimwita yule mama, nikamwonyesha wa kwanza. Alinyamaza mpaka mwisho. Halafu akarudisha nyuma kidogo, akatia kidole juu ya mti mmoja uliobaki umesimama, akasema: "Hapa. Nyumba yake ilikuwa hapa." Tukaomba pamoja.

Vijana wangu, mnakumbuka mfalme Daudi katika 2 Samweli 24. Arauna alitaka kumpa kiwanja na ng'ombe bure, naye Daudi akakataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu. Kama mtu mwenye mali aliitoa kwa moyo, na bado Daudi alitaka kulipa, sisi tutasema nini juu ya kile ambacho hatukupewa? Video yenu ni sadaka. Kama hamna dola za kununua muziki, mna sauti, mna gitaa, mna saa moja ya kutafuta na kusoma leseni. Hiyo nayo ni bei.

Mungu awabariki, na awafariji wale wa Bushushu na Nyamukubi.