Mforosadi wa Maalim: Kutoka Soni hadi Ua wa Msikiti

Safari ya kutoka Tanga kwenda Milima ya Usambara huanza kwa utulivu. Barabara hupita kwenye michungwa ya Muheza na mashamba ya mkonge, hufika Segera, hupinda kuelekea Korogwe, na mpaka Mombo msafiri bado yumo katika joto lile lile aliloliacha pwani. Hapo Mombo ndipo mambo hubadilika. Gari huiacha barabara kuu na kuanza kuukwea mlima kwa kona zisizohesabika, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Kabla ya kumalizika zile kilomita 30 na ushei za kufika Lushoto, mji ulioko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, abiria amekwisha kufunga dirisha na kutafuta koti. Sisi hatukufika mjini. Tulishuka Soni, yanapoonekana maporomoko ya maji kutoka barabarani, tukashika njia ya miguu katikati ya migomba na mibuni.

Tulikuwa watatu, tumetumwa na kamati ya msikiti: katibu, mhazini, na kijana mmoja wa madrasa aliyejifunza kubebesha miembe. Mizigo yetu ilikuwa kisu kikali, mkasi wa kupogolea na kanga kuukuu. Kilichotupandisha mlimani ni mti.

Maalim wetu aliwasomesha watoto wa mtaa huu zaidi ya miaka 20, kisha akarejea kwao milimani alipozeeka, na huko akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyumbani kwake aliacha mforosadi mkubwa, ambao kivuli chake kilikuwa darasa lake la mwisho. Mirathi imekwisha kugawanywa kwa utaratibu wa sharia, kila mrithi ameujua mpaka wake, na mforosadi umeangukia katika kipande cha binti yake. Ardhi ya mlimani ni mteremko mtupu; mahali pekee palipo tambarare pa kujenga nyumba katika kipande hicho ni pale pale uliposimama mti. Dada huyo ni mjane, na watoto wake wanne wanalala katika chumba kimoja cha kupanga. Baadhi ya wanafunzi wa zamani waliposikia habari hizi walitaka tuandike barua ya kuzuia mti usikatwe. Kamati ilikataa, na tunaona ilikataa kwa haki, kwani haijuzu kuwanyima mayatima paa kwa ajili ya kumbukumbu zetu. Tulimpigia simu tukaomba jambo moja tu, msumeno usubiri wiki mbili.

Ndugu msomaji huenda hajapata kuiona forosadi sokoni, na sababu ipo. Ni tunda dogo, refu kuliko ukucha, limefanywa na vitone vingi vilivyoshikana. Huanza kijani, likawa jekundu, kisha likaiva jeusi, tamu lenye uchachu kwa mbali. Likiiva halingoji. Kesho yake limelainika, keshokutwa limechacha, kwa hiyo mfanyabiashara halitaki, na hubaki kuwa tunda la uani, la watoto na ndege. Kila mama aliyefua kanzu ya mtoto aliyetoka mforosadini anajua rangi yake inavyong'ang'ania. Wazee husema kisugulie kitambaa kwa forosadi bichi kabla ya kukifua. Jina lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, firsad. Ukoo wa mti huu tunaujua vizuri pwani: ni ndugu wa mfenesi na mshelisheli, na ndugu pia wa mtini, ule ambao Mwenyezi Mungu ameuapia katika Qur'ani. Ukikata kijiti cha mmojawapo utaona utomvu mweupe kama maziwa, na hiyo ndiyo alama ya ukoo.

Wengine walituuliza, kwa nini msiokote matunda mkasia mbegu? Mbegu ya forosadi huota, lakini haimleti mzazi wake. Inaweza kutoa mti wenye matunda madogo yasiyo na ladha, au mti dume utoao maua tu maisha yake yote. Mfano tunao. Nyuma ya birika la udhu la msikiti wetu umesimama mforosadi uliooteshwa na ndege, una afya, una majani mapana ambayo mbuzi wa jirani huyaonea uchungu, na haujapata kuzaa hata siku moja. Anayeutaka mti ule ule hana budi kuchukua sehemu ya mti wenyewe.

"Karibuni, Ustadhi, mti wenu unawangoja," alitupokea binti wa Maalim, na kabla hatujaketi alikuwa ametutangulia kutuonyesha matawi. Kwa simu tulikuwa tumemwomba, siku kumi kabla ya kufika, achague matawi machache yaliyokomaa na kuyapukutisha majani kwa mkono. Mforosadi ukinyang'anywa majani huyaamsha macho yake yaliyolala, na jicho lililoanza kuvimba ndilo linaloshika upesi linapobebeshwa. "Baba alikuwa akifanya hivi hivi mara mbili kwa mwaka," alisema dada yetu, "ndipo watoto wapate matunda." Tulifahamu hapo siri ya Maalim. Huku kwetu hakuna baridi kali ya kuupukutisha mti, kwa hiyo mkono wa mwenye mti hufanya kazi ya majira. Baada ya kupogolewa hutoa machipukizi mapya, na juu ya machipukizi hayo ndipo matunda hukaa.

Tulikata pingili 40. Kijiti kinachofaa kina unene wa kalamu ya risasi na urefu wa shibiri moja, gome lake limekwisha kuacha ukijani na kuwa la kahawia, nacho kina macho matatu au manne. Chini tulikata mshazari, karibu na jicho, na juu tulikata sawasawa. Mkato huo wa namna mbili una maana, kwa kuwa kijiti kikishakaa siku moja mfukoni si rahisi kujua kichwa chake kiko wapi, na kikipandwa kichwa chini hakitengenei. Kwa ajili ya kubebesha tulichukua vikonyo vingine sita, vyembamba kidogo, vya ncha zenye macho yaliyovimba. Vyote tulivifunga katika maganda mabichi ya mgomba, juu yake kanga iliyoloweshwa maji, na mhazini akavipakata mpaka Tanga kama mtoto mchanga. Konda alimtoza nauli ya mzigo.

Zile pingili zilipandwa jioni ile ile katika viriba vya udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza, theluthi mbili zikiwa chini, chini ya kivuli cha mwembe. Maji ni kidogo kila siku. Udongo ukilowa tope kijiti huoza. Hapa panahitaji subira, na vijana wetu tuliwakataza kwa ukali. Pingili hutoa majani kabla ya mizizi, kwa kula akiba iliyomo ndani yake, na atakayeivuta ili atazame kama imeshika huikata ile mizizi midogo inayoanza. Baada ya wiki tatu 27 zilikuwa na majani. Sita katika hizo zilinyauka baadaye, zikabaki 21.

Kubebesha ndiko kulikotutia hofu zaidi, kwa kuwa mti dume wa birikani ni mmoja. Kijana wetu aliukata usawa wa kiuno siku mbili mapema, akaacha tawi moja chini liendelee kuulisha, na akaliacha jeraha litoe utomvu wake, maana utomvu mwingi hukisukuma kikonyo kisigusane na mti. Siku ya pili alikata tena kipande chembamba apate ubao safi. Alipasua gome kwa urefu wa kidole, akalifunua kidogo, akakichonga kikonyo mshazari mrefu na kukitelezesha kati ya gome na ubao, uso uliochongwa ukielekea ndani. Siri yote iko katika ule utando wa kijani ulio chini ya gome. Wa kikonyo ukigusana na wa mti, viwili huwa kimoja. Vikonyo vinne viliingia, tukafunga kwa ukanda wa nailoni, tukavivika mfuko mweupe vihifadhi unyevu. Wazee wawili waliokuwa wakitawadha walisimama kutazama, mmoja akasema mti umeuawa.

Vikonyo viwili vilikauka. Viwili vimeshika, na kimoja, wakati tukiandika, kina majani saba na vitunda viwili vya kijani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anachokila mtu, ndege au mnyama katika alichokipanda Muislamu huwa ni sadaka yake, na watoto wa madrasa wamekwisha kubishana kama thawabu za vitunda hivyo ni za Maalim au za kijana aliyebebesha. Swali hilo tumempelekea Imamu.

Kule Soni mti umekwisha kukatwa, na msingi wa nyumba umefika usawa wa magoti. Dada yetu ametuma salamu akiomba miche miwili ya kupanda pembeni mwa ukuta, na hiyo itapanda gari kwanza, mizizi itakapojaa viriba. Kumi tumeiahidi kwa familia za wanafunzi wake. Tisa iliyobaki haina mwenyewe. Anayetaka mmoja aonane nasi baada ya swala ya Ijumaa, na aje baada ya kuchimba shimo, si kabla.