Msumari Ukutani

Mwalimu aulizaye kwa maneno yake hupata, aghalabu, jibu la maneno yake mwenyewe. Wanafunzi ni werevu. Huyajua yapendezayo masikio ya mkubwa, nao humrudishia hayo kama mlima urudishavyo mwangwi. Karatasi za maoni zigawiwazo mwisho wa muhula hujaa sifa na shukrani, na chuo huamini kuwa kimewasikia wanafunzi wake, kumbe kimejisikia chenyewe.

Mfano wa njia nyingine watoka Peru. Mwaka 1973 serikali ya nchi hiyo ilikuwa na mpango wa kuwafundisha watu kusoma na kuandika, uliojengwa juu ya fikira za Paulo Freire, mwalimu wa Brazili. Wengi katika wanafunzi hao hawakuzaliwa na Kihispania, bali na Kikechua, Kiaymara au lugha nyingine za nchi. Augusto Boal, bingwa wa michezo ya kuigiza, naye Mbrazili, alishiriki katika kazi hiyo na kuandika habari zake. Wanafunzi walipewa kamera. Walimu waliuliza kwa Kihispania. Wanafunzi walitakiwa kujibu kwa picha.

Swali moja lilikuwa: unyonyaji ni nini? Mmoja alileta picha ya mwenye duka, mwingine ya mwenye nyumba atozaye kodi, mwingine ya afisi ya serikali. Mtoto mmoja alileta picha ya msumari uliopigiliwa ukutani. Wachache walielewa, lakini watoto wenziwe wote walikubali mara moja kuwa jibu ndilo. Katika mazungumzo ikadhihirika kwamba watoto wa mtaa ule walianza kazi ya kung'arisha viatu wangali na umri wa miaka mitano au sita. Mtaani kwao hapakuwa na viatu vya kung'arisha, basi iliwabidi waende katikati ya mji wa Lima. Hawakuweza kuchukua visanduku vyao vya kazi kila siku kwenda na kurudi. Walipanga msumari, kama mtu apangavyo chumba, katika ukuta wa duka, na mwenye duka akawatoza soli mbili au tatu kwa kila usiku na kwa kila msumari.

Ni mtaalamu gani angaliandika swali juu ya msumari? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hii ndiyo faida kuu ya kamera mkononi mwa mwanafunzi: hujibu swali ambalo mwalimu hakujua kuliuliza.

Walakini kamera peke yake haitoshi. Msumari ule ulikuwa bubu mpaka watoto walipousemea. Caroline Wang na Mary Ann Burris, ambao katika miaka ya 1990 walifanya kazi kama hiyo na wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, walieleza hatua zake katika makala ya mwaka 1997: wapiga picha wenyewe huchagua picha, husimulia habari zake, kisha hupambanua mambo yanayojirudia ndani yake. Tena walitaka picha hizo ziwafikie wenye madaraka. Mwalimu anayezikusanya picha akazifasiri peke yake amerejea kule kule alikotoka, kwenye mwangwi.

Yamkini mwanafunzi wa chuo, akiombwa aonyeshe masomo yake kwa picha, ataleta ngazi ambazo kiti chake cha magurudumu hakiwezi kuzipanda, au taa ya barazani anakosomea usiku kwa kuwa bwenini hamna nafasi. Hapo mwalimu hupatwa na mtihani wake. Karatasi ya maoni huweza kufungiwa kabatini bila ya aibu; ngazi zilizoonekana hazifichiki tena. Asiye tayari kuzigusa heri asiombe picha, maana kumwomba mtu sauti yake na kuiacha bila jibu ni dharau kubwa kuliko kutomwuliza kabisa.