Gari limeoshwa, nati hazikukazwa!

Wazee walitufunza kwamba rahisi ni ghali, nasi tukashika. Ndiyo maana mtu akinunua gari jipya haambiwi alipeleke kwa fundi wa chini ya mwarobaini. Anaambiwa alipeleke kwa wakala. Kwa wakala kuna kiyoyozi, makochi ya ngozi, televisheni ukutani, kahawa ya bure na binti anayekuita "madam" hata kama umevaa kandambili. Fundi mwenyewe humwoni, yuko nyuma ya kioo na ovaroli lake safi kuliko shuka za watu wengine. Unalipa laki kadhaa, unaondoka moyo umetulia tuli. Kumbe iko kazi ya rahisi inayouzwa kwa bei ya ghali, na hiyo wazee hawakututajia.

Mimi cha moto nilikiona Agosti 2023. Gari letu dogo lilikuwa limefika kilomita 40,000 na bado lilikuwa ndani ya waranti. Aina yake siitaji, maana ukitaja aina umekwishamtaja wakala, na mimi sitaki kesi. Masharti ya waranti ile yalisema huduma zote zifanyike kwao. Sawa, nikalifikisha saa 2 asubuhi siku ya Alhamisi. Kazi zilizoandikwa ni kubadili oili na filta yake, kubadili filta ya hewa, na kuweka breki pedi mpya za mbele.

Saa 11 jioni nikaitwa. Bili shilingi 870,000, VAT imo humo humo. Gari linang'aa kama bibi harusi. Matairi yamepakwa ile dawa yao, ndani wametandika karatasi miguuni, na kwenye kioo wamebandika stika ya tarehe ya kurudi. Nikalipa, nikachukua risiti ya EFD na nakala ya karatasi ya kazi, huyoo nikaenda zangu.

Sasa hapo aingie mama mkwe. Mama yule alikuwa amekuja Dar kutibiwa macho, na Jumamosi ilikuwa zamu yangu kumrudisha Morogoro. Baba watoto alikuwa safari ya kikazi Mwanza. Wenye wakwe mnanielewa: mama kaja kwa basi, sasa anarudishwa na mkamwana kwa gari dogo, amekaa mbele, kanga mpya begani. Sifa iliyoje! Nilishaanza kuona jinsi majirani wa kule Morogoro watakavyochungulia madirishani.

Tukapita Ubungo, tukaingia ile barabara ya njia nane ya kuelekea Kibaha, tukapita Mbezi. Lami tamu, unaweza kulala. Ghafla mama mkwe, ambaye macho yanamsumbua lakini masikio ni mazima kuliko yangu, akaniambia kwa upole:

"Mama, kuna mtu anagonga huku chini."

Nikatega sikio. Ko... ko... ko... Nikipunguza mwendo, mlio unapungua. Nikiongeza, unaongezeka. Halafu usukani ukaanza kunitetemekea mikononi kama una homa. Nikawasha taa za hatari, nikatambaa hadi pembeni, kabla kidogo ya Maili Moja. Kijana mmoja wa bodaboda akajitolea kutuletea fundi. Baada ya robo saa akarudi naye, mzee wa makamo mwenye wili spana mkononi na jeki ya kuazima.

Fundi hata jeki hakuihitaji. Alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto, yaani lile lililoko chini ya miguu ya mama mkwe wangu, akaishika nati ya kwanza kwa vidole viwili. Ikazunguka! Ya pili, ikazunguka. Ya tatu na ya nne, hivyo hivyo. Ya tano haikuwepo kabisa, imebaki bolti tupu. Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Dada," fundi akasema, "hili gurudumu lilikuwa linawaaga."

Akanieleza kwa lugha nyepesi. Ukibadili breki pedi lazima ufungue gurudumu. Ukilirudisha, nati zinakazwa kwa mtindo wa nyota, yaani unakaza moja kisha unahamia ya upande wa pili, ili ringi ikae sawasawa. Mwisho unapita na spana yenye kipimo, ile inayolia "tik" nati inapofika kiwango chake. Nati ikiachwa legevu, ringi inacheza, inagonga bolti, nyuzi zinalika, na kila mzunguko unazidi kulegeza. Mwisho wa yote gurudumu linatangulia mbele, ninyi mnafuata kwa kifua.

Mzee wa watu akaona asiishie hapo. "Hebu tuone na mengine waliyokufanyia." Akafungua boneti, akatoa filta ya hewa. Nyeusi tii, imejaa vumbi, na pembeni imeandikwa kwa kalamu: KM 20,000. Mwandiko ni wa mafundi wa wakala wenyewe, waliyoifunga kwenye huduma ya nyuma. Kwa hiyo ile mpya niliyoilipia juzi ilibaki kwenye bili tu.

Mama mkwe alikuwa amesimama kivulini anasikiliza. Akaniuliza nimelipa shilingi ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza kitambo, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Mwanangu, mimi nipandishe basi." Nikampandisha. Jioni ile simu zilianza kumiminika: wifi, shemeji, shangazi wa Kilosa, kila mtu anataka kujua kwa nini nimemtelekeza mama yao njiani. Msomaji, gurudumu likikaribia kuchomoka unaogopa kifo, lakini simu ya wifi ni kimbembe kingine.

Sasa nikuambie nilichofanya pale pale Kibaha kabla hata hasira haijapoa. Nilipiga picha za nati, na video fundi akizizungusha kwa vidole. Nikapiga picha ya kilomita kwenye dashibodi: 40,171. Karatasi ya wakala ilisema gari limetoka kwao likiwa na 40,112, kwa hiyo tangu wanikabidhi nilikuwa nimetembea kilomita 59 tu. Nikamwomba fundi aniandikie kwenye kitabu chake cha stakabadhi: "Mbele kushoto, nati 4 legevu, 1 haipo." Akaandika, akasaini, akatafuta nati inayofanana, akakaza magurudumu yote manne. Nilimlipa shilingi 15,000, nikageuza gari nikarudi mjini mdogo mdogo. Ile filta kuukuu nikaizungushia gazeti.

Nikapiga simu kwa wakala. Kijana wa mapokezi akanipokea kwa sauti ya asali.

"Madam, nati huwa zinalegea zenyewe kutokana na barabara zetu."

"Barabara ipi kaka, hii ya njia nane?"

Kimya. Halafu: "Basi tungeomba kuongea na mzee, mwenye gari."

"Mwenye gari unaongea naye. Kadi ina jina langu."

Akina mama wenzangu mnaoendesha mnalijua soo hilo. Pesa ikipokelewa, ni yako. Lalamiko likija, aitwe mzee.

Jumatatu saa 2 kamili nilikuwa mlangoni. Nikapelekwa kwa meneja wa karakana, mtu mpole, ana tai. Akaniagizia soda. Nikasema asante, sina kiu. Nikaitandaza ile filta juu ya meza yake ya kioo, gazeti na vumbi lake, nikampa picha, stakabadhi ya Kibaha na karatasi yao ya kazi. Sikupiga kelele. Ukipiga kelele kwenye ofisi za namna ile unageuka wewe kuwa tatizo, na walinzi wanaanza kusogea.

Meneja akaangalia, akashusha pumzi. "Mama, tunaomba radhi. Tumeshamjua aliyefanya kazi hii. Ni kijana wa mafunzo, na leo leo tunamwondoa."

Akaitwa. Kitoto cha miaka ishirini hivi, mikono ina grisi, kinatetemeka. Akasema siku ile walikuwa mafundi wanne kwa magari kumi na moja. Alikuwa ameshazishika nati kwa mkono, akaitwa upesi akasaidie gari la mteja mkubwa, na aliporudi akakuta langu limeshapelekwa kuoshwa. Kuhusu filta akajibu kwamba yeye hakupewa filta yoyote stoo.

Hapo nikaishika tena ile karatasi ya kazi. Chini kabisa kulikuwa na sehemu mbili za saini: fundi, na mkaguzi wa mwisho. Zote zimesainiwa. Pembeni kuna kisanduku kinachosema gari limejaribiwa barabarani, nacho kimetiwa alama ya vema. Lakini juu, kilomita za kuingia ni 40,112. Za kutoka ni 40,112.

"Kaka yangu," nikamwuliza, "hili gari lilijaribiwa barabarani likiwa limesimama?"

Meneja akavaa miwani. Akavua miwani. Nikamwuliza tena, "Na huyu mkaguzi aliyesaini hapa ni nani?"

Msomaji, saini ilikuwa yake yeye mwenyewe.

Kile chumba kilipoa kuliko kiyoyozi chake. Nikamwambia kijana huyu hakukaza nati, ni kweli, lakini ukaguzi umewekwa kwa sababu binadamu husahau. Aliyeitwa akimbie gari jingine na aliyesaini bila kuangalia hawalingani. Kama anayeondoka leo ni huyu mtoto, basi aliyesaini aongozane naye.

Kisha nikataja ninachotaka. Kwanza, gurudumu lifunguliwe mbele ya macho yangu, bolti zilizolika nyuzi zibadilishwe, breki zikaguliwe upya. Pili, filta niliyoilipia ifungwe. Tatu, nirudishiwe shilingi 15,000 za fundi wa Kibaha pamoja na nauli ya basi ya mama mkwe. Nne, haya yote yaandikwe kwenye barua yenye mhuri, ili kesho gurudumu likisumbua asije mtu akaniambia waranti imeharibiwa na fundi wa barabarani. Meneja alicheka kidogo kwenye nauli. Mimi sikucheka. Nikamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na ipo Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, na mlaji wa huduma naye ni mlaji.

Hadi saa 7 mchana kila kitu kilikuwa tayari. Bolti tatu zilibadilishwa. Nati alizikaza kijana yule yule, meneja amesimama nyuma yake na tai yake, na nikaisikia ile "tik" mara tano. Kisha tukaenda wote watatu kujaribu gari barabarani, safari hii likitembea. Barua nikapewa, hela nikapewa. Kijana, kwa jinsi nilivyosikia baadaye, alibaki kazini.

Sisemi mawakala wote ni wababaishaji, wala kwamba kila fundi wa mtaani ni malaika. Wapo wa mwarobaini waliowatia watu hasara za kulia. Ila fundi wa mtaani anajua kesho utapita mbele yake na majirani watakusikia. Huyu wa nyuma ya kioo analindwa na waranti. Anajua utarudi tu, upende usipende. Kwa hiyo kazi ya kumkagua unabaki nayo wewe, na wala haihitaji uwe umesomea ufundi.

Unapochukua gari, soma kilomita za kuingia na za kutoka. Omba uonyeshwe vipuri vya zamani vilivyotolewa. Fundi wa kweli atakuonyesha kwa fahari, msanii ataanza longolongo kwamba vimeshatupwa. Kama magurudumu yalifunguliwa, waombe wakaze nati mbele yako, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukisikia kitu kinagonga, simama, hata kama gari limetoka gereji jana. Na lalamiko peleka mapema, kwa karatasi, huku umetulia.

Mama mkwe naye bado hajatulia. Desemba ile alikuja Dar kwa basi, akarudi kwa basi. Mwaka uliofuata ndipo alipokubali kupanda tena gari langu, na kabla hajaketi alilizunguka lote, ameinama, kidole kinahesabu kila gurudumu: tano, tano, tano, tano. Na macho yale yale yanayomsumbua! Wakala mzima na mashine zake walishindwa kufanya hivyo.