Kompyuta ya Wote, Jina la Mmoja

Katika maabara za vyuo na katika ofisi nyingi za umma, kompyuta moja huhudumia watu kadhaa kwa siku. Huyu huingia kwenye seva kupakia alama za wanafunzi, yule kuidhinisha malipo. Kila mara kivinjari huuliza kwa upole kama kiihifadhi nywila. Anayekubali simlaumu upesi: ana foleni mlangoni na mkubwa anayesubiri taarifa.

Nywila yenyewe ilikuja kwenye kompyuta kwa sababu ya matumizi ya pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake waliunda mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia mashine moja, kila mmoja na mafaili yake. Mwaka 1962 Allan Scherr, mtafiti aliyetaka muda zaidi wa kutumia mashine hiyo, alifanikiwa kulichapisha faili zima la nywila. Hakuwa mvamizi kutoka mbali. Alikuwa mtumiaji halali wa mashine ileile.

Watunga kanuni hudhani dawa ni ukali: nywila ndefu, ibadilishwe kila mwezi. Matokeo tunayajua: karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi. Mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliacha kupendekeza mabadiliko ya mara kwa mara pasipo dalili kwamba nywila imevuja. Kanuni isiyobebeka huwafundisha watu kuikwepa.

Urahisi basi si adui, ila uwekwe mahali pake. Kilichohifadhiwa katika mashine ya wote ni cha wote. Kilichohifadhiwa katika simu ya mtu, au katika ufunguo wa kielektroniki anaoondoka nao, hubaki chake. Uthibitisho wa hatua ya pili husaidia pia, kwani programu ya kijasusi inaweza kunasa nywila hata pale mtu alipokataa kuihifadhi. Na seva ya malipo haipaswi kufunguliwa kwenye kompyuta ambayo kila mpitaji anaweza kuiwekea programu aitakayo.

Hili ni suala la uwajibikaji kabla ya kuwa la ufundi. Seva haimjui mtu. Inalijua jina lililotumika kuingia. Mkuu anayempa karani nywila yake ili kazi iende haraka humkabidhi mamlaka bila ulinzi. Malipo yakienda kombo, mkuu atasema hakuwapo, karani hatakuwa na ushahidi, na umma hautajua nani aliidhinisha.

Kwa hiyo karani anayekataa nywila ya mkubwa wake hafanyi ukaidi. Anadai akaunti yake mwenyewe, yenye mipaka ya kazi yake, ili aulizwe aliyoyatenda yeye tu. Ni dai dogo, na chama cha wafanyakazi au serikali ya wanafunzi inaweza kuanza nalo kesho.